Kibanda Namba Tatu

Mimi ni sauti tu. Nakaa nyuma ya kioo,
kibanda namba tatu, na glasi ya maji
na pipi ya tangawizi niliyoificha shavuni.
Ni Julai, Arusha. Meru umejifunika tangu Jumapili
na Mfalme kaja na koti jepesi.
Elingaya wa mitambo kampelekea shuka lake mwenyewe,
lile la miraba, la zamu za usiku.
Mfalme kalipokea kwa mikono miwili.
Hilo halikuingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Katika lugha nne zilizowekwa mezani
alichagua Kiswahili. Alichagua sikio langu.
Wanasema alisoma Moshi, baba yake alipokuwa mkimbizi,
akiitwa kwa jina jingine.

Mabalozi ni saba, upande wa dirisha.
Wa kwanza akaanzia mbali,
kama mshenga anayesifu kwanza ua wa wenyewe:
Mtukufu, bunge lako lina wiki sita tu, usilivunje.
Waziri Mkuu wako ana ulimi mchungu,
ila mchungu si sumu.
Nami nikasema "usilivunje"
kwa sauti ileile iliyouliza asubuhi
bei ya maparachichi pale Kilombero.

Wa pili akataja mkopo.
Wa tatu akataja mpaka, na mahema,
kana kwamba amewahi kulala ndani yake.
Labda aliwahi.
Wa nne akatamka neno moja la Kifaransa
likanifikia kama jiwe kwenye wali.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii.
Niseme uthabiti? Uthabiti ni wa nguzo,
na nguzo haiulizwi imebebeshwa nini.
Niseme amani? Mjini hapa neno hilo
limepakwa hadi kwenye vibanda vya chipsi,
limechoka, waliache lilale.
Mkalimani ana sekunde mbili.
Nikasema: utulivu.
Utulivu wa serikali.

Mfalme akagusa kisikilizio
kama mtu anayegusa jino bovu.
Akakivua. Akasema kwa Kiswahili,
Kiswahili cha Moshi, cha mtoto wa stesheni:

"Tulia, walituambia kwenye foleni ya unga.
Tulia, mwalimu, nilipoulizwa kwetu ni wapi.
Mama alitulia hadi akafa.
Sasa mtu kasimama katika bunge langu
akaniita mwizi, redio ikarusha,
nanyi mmepanda ndege kuja kuniambia neno lile lile?"

Kibanda changu kikawa hakina kazi.
Vibanda vingine vilihangaika,
niliona midomo ikichezacheza nyuma ya vioo.
Chai ikapoa mezani, ikaota utando.

Ndipo yule wa saba, mzee, mwenye tai iliyopinda,
akazima kipaza sauti chake
akajaribu Kiswahili cha kuokoteza:
"Mtukufu, hasira ni haki yako, mimi hapana bisha.
Lakini cha mvunguni..."
"Mfalme ainame?"
"Mvungu haujui mfalme."

Mtu mmoja alicheka. Nadhani alikuwa yeye.

Hakuamua. Aliomba hadi kesho saa tatu.
Aliondoka na shuka mabegani, Elingaya hakudai.
Katika rasimu aliyoiacha, aya ya pili,
neno langu limekatwa mistari miwili
na juu yake pameachwa patupu,
pamoja na maagizo kwa penseli: *mkalimani atafute*.

Nimelitafuta tangu Mnara wa Saa hadi Sakina.
Nimelitafuta nikimenya ndizi.
Chumbani wanangu wanagombania blanketi,
mmoja analia, mwingine anavuta,
nikapaza sauti kabla sijafikiri:
Tulieni!

Wakatulia.
Nikasimama mlangoni na kisu mkononi,
nikiusikiliza ukimya wao,
nisijue nani kabaki bila blanketi.